Moncton, Ottawa, Winnipeg au Edmonton: Kifaransa chako kitakufikisha wapi Kanada?

Julai 2023 Kanada ilianza kuwaita wahamiaji kwa kigezo cha kujua Kifaransa, ndani ya Express Entry, mfumo wake wa kuchagua wahamiaji. Tangu hapo swali moja halikauki kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa Goma, Bukavu, Uvira na Bujumbura: mtihani wa Kifaransa wa TEF nimefaulu, sasa nishukie mji gani? Serikali inataka watu hawa wakae nje ya Quebec, kwa sababu ndiko asilimia ya wasemaji wa Kifaransa inakozidi kupungua. Nao wakisikia nchi ina lugha rasmi mbili, wanaamini Kifaransa chao cha shule kitawafungulia kila ofisi. Wanafika, wanahudumiwa vizuri kwa Kifaransa kwenye dirisha la pasipoti, wanavuka barabara kwenda kutafuta leseni ya udereva, na huko ni Kiingereza kitupu.

Ninalinganisha miji minne ambayo watu wetu huitaja sana: Moncton ya jimbo la New Brunswick, Ottawa ya Ontario, Winnipeg ya Manitoba na Edmonton ya Alberta. Quebec naiacha kando. Huko Kifaransa ndicho lugha ya wengi na ndiyo lugha rasmi pekee ya jimbo, kwa hiyo hakuna anayejiuliza kama atahudumiwa kwa Kifaransa. Vilevile sizungumzii dukani, benki wala kwa mwajiri. Hapa ni serikali na mwananchi tu.

Ofisi hii ni ya nani?

Kabla ya kulinganisha miji, tenganisha serikali tatu, maana kila moja ina sheria yake ya lugha.

Serikali ya shirikisho ina namba ya bima ya jamii, pasipoti, uhamiaji, kodi ya mapato, posho ya watoto, bima ya waliopoteza kazi na posta. Sheria ya Lugha Rasmi ni ya 1969, ikaandikwa upya 1988, ikaongezewa meno Juni 2023. Makao makuu ya kila taasisi ya shirikisho lazima yakuhudumie kwa Kifaransa popote ulipo, kwa hiyo simu na barua hazina shida. Ofisi za mikoani hutegemea idadi ya wasemaji kwenye sensa. Kuna badiliko la 2019 ambalo watu wetu wengi hawalijui: hesabu sasa inamjumuisha hata mtu ambaye lugha yake ya kwanza si Kifaransa, mradi anakizungumza nyumbani. Na ikiwepo shule ya Kifaransa katika eneo, hiyo nayo ni sababu tosha ya ofisi kutakiwa kuhudumia kwa lugha mbili. Familia ya Kibembe na Kiswahili inayozungumza pia Kifaransa sebuleni inaongeza uzito wa mji mzima.

Miji yote minne ina wasemaji wa kutosha kwa huduma kuu za shirikisho. Kwa hiyo usiitumie serikali ya shirikisho kuchagua mji. Hapo tofauti ni ndogo.

Jimbo ndilo lenye mambo yanayouma: hospitali, kadi ya afya, leseni, shule, msaada wa kijamii, ulinzi wa watoto. Humo ndimo miji hii inapoachana kabisa. Jiji nalo lina maji, takataka, mabasi, maktaba na mara nyingi polisi. Kesi ya jinai iko peke yake: mshtakiwa ana haki ya kusikilizwa kwa Kifaransa mahali popote Kanada, Edmonton ikiwemo, kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu. Omba kujua haki hii usiihitaji.

Faini tatu

Ukitaka kujua uzito wa Kifaransa katika jimbo, angalia yaliyompata dereva aliyepewa karatasi ya faini kwa Kiingereza. Kati ya kesi za namna hii zilizofika Mahakama ya Juu ya Kanada, nachukua tatu, za majimbo matatu yaliyo kwenye orodha yetu.

Ya kwanza ni ya Manitoba. Mwaka 1976 Georges Forest, wakala wa bima wa Saint-Boniface, mtaa wa Wafaransa (yaani wasemaji wa Kifaransa) wa Winnipeg, alipewa faini ya maegesho iliyoandikwa Kiingereza tu. Angeweza kulipa akaendelea na shughuli zake. Aligoma. Manitoba ilizaliwa 1870 ikiwa na lugha mbili bungeni na mahakamani, lakini 1890 bunge lake likakifuta Kifaransa. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ikasema sheria ile ya 1890 haikuwa halali tangu mwanzo. Mwaka 1985 mahakama hiyohiyo ikaenda mbali zaidi: sheria zote za Manitoba zilizotungwa kwa Kiingereza peke yake ni batili, ila zitaendelea kutumika kwa muda hadi zitafsiriwe, jimbo lisije likabaki bila sheria. Ushindi mkubwa, lakini uangalie ulishinda nini: bunge, sheria na mahakama. Kaunta ya kadi ya afya haikuguswa. Huduma za kila siku zilikuja kwa sera ya 1989, kisha sheria ya 2016 inayozitaka idara za serikali ziwe na mipango ya kuwahudumia Wafaransa. Ni jambo jema, lakini kwa sehemu kubwa linategemea nani yupo madarakani na bajeti ikoje.

Ya pili ni New Brunswick. Mwaka 2000 Marie-Claire Paulin alisimamishwa karibu na Woodstock kwa mwendo wa kasi, na askari wa RCMP hakujua Kifaransa. RCMP ni polisi wa shirikisho, nao walijitetea kwa kanuni ya shirikisho, ile ya kuhesabu wasemaji eneo kwa eneo. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ikakataa: mkifanya kazi ya polisi wa jimbo hili, mnabeba wajibu wa jimbo hili. Na wajibu wa New Brunswick hauhesabu vichwa. Ofisi yoyote ya serikali ya jimbo, pembe yoyote, hata kijiji ambacho Mfaransa ni mmoja, lazima imhudumie. Limeandikwa kwenye Katiba ya nchi, na waziri mkuu wa jimbo hawezi kuamka asubuhi akalifuta.

Ya tatu ni Alberta. Mwaka 2003 Gilles Caron alipewa faini ya barabarani Edmonton, kwa Kiingereza. Alijenga hoja yake kwa historia ya ahadi zilizotolewa kabla nchi hizo za magharibi hazijaingia Kanada mwaka 1870. Kesi ikachukua miaka 12. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji 6 kwa 3, kwamba Alberta haina wajibu wa kikatiba kutunga sheria zake kwa Kifaransa. Jimbo lina sera ya Kifaransa tangu 2017. Sera si haki. Huwezi kwenda nayo mahakamani.

Ontario haikuwa na faini ya kumfikisha mtu huko. Yenyewe ina hospitali, na hadithi hiyo inakuja.

Mgonjwa anapofikishwa dharura

Kwa maoni yangu hapa ndipo uamuzi wote unapotakiwa kukaa. Fomu za leseni utazijaza na jirani. Lakini bibi wa miaka 70 aliyesoma kwa masista wa Bukavu, anaongea Kifaransa safi na hajui neno la Kiingereza, akiketi mbele ya muuguzi saa nane za usiku anaulizwa maumivu yalianza lini, yanahamia mkononi au hapana, kati ya 0 na 10 ni ngapi, dawa gani anakunywa. Mjukuu wa miaka 11 ndiye mkalimani. Nani anataka mtoto huyo ndiye atafsiri habari za haja kubwa ya bibi yake, au mbaya zaidi, habari za uvimbe?

New Brunswick ina mitandao miwili ya afya, Vitalité na Horizon. Yote miwili inalazimika kukuhudumia kwa lugha unayotaka. Tofauti ni lugha ya kazi: Vitalité inafanya kazi kwa Kifaransa, na hospitali yake ya Moncton ni ile ya chuo kikuu iitwayo Dr-Georges-L.-Dumont. Ukiingia pale, muuguzi, daktari na mpokezi wanaongea Kifaransa wao kwa wao. Huombi kitu cha ziada. Horizon unaweza kusubiri wamtafute anayekijua. Kwa mgonjwa tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye sheria. Nisikudanganye lakini: daktari wa familia New Brunswick unaweza kumsubiri muda mrefu sana, kwa lugha yoyote.

Ottawa ina Hospitali ya Montfort. Mwaka 1997 tume ya serikali ya Ontario ilipendekeza ifungwe, jamii ikasimama, na mwaka 2001 Mahakama ya Rufaa ya Ontario ikatengua uamuzi wa serikali. Leo ni hospitali ya kufundishia inayofanya kazi kwa Kifaransa na kumhudumia yeyote kwa lugha mbili. Ukipanga nyumba upande wa mashariki, Vanier au Orléans, uko karibu nayo. Ukipanga magharibi ya jiji, ambulensi haitakuuliza unapenda hospitali gani.

Winnipeg ina Hospitali ya Saint-Boniface, iliyoanzishwa na masista mwaka 1871, na kituo cha afya cha mtaa huohuo kinachohudumia wasemaji wa Kifaransa. Kituo ndicho cha kujiandikisha mapema. Hospitalini kwenyewe usitegemee kila zamu iwe na mtu wako.

Edmonton ushauri wangu utawashangaza wengine: kwa mgonjwa mzee, omba mkalimani wa Kiswahili, si wa Kifaransa. Huduma za afya za Alberta zina wakalimani wa simu wa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, na kwa kuwa pale Kifaransa hakina haki ya juu kuliko lugha nyingine za wageni, hakuna sababu ya kumlazimisha mzee aeleze maumivu kwa lugha ya masista. Atumie ile anayoota nayo. Mkalimani wa simu ana kasoro zake, anakatika, haoni mgonjwa anaposhika, lakini ni bora mara kumi kuliko mtoto.

Shule, na mtego wa immersion

Majimbo yote manne yana shule za umma za Kifaransa zinazosimamiwa na bodi za Wafaransa wenyewe. Hiyo ni kazi ya ibara ya 23 ya Hati ya Haki na Uhuru ya 1982. Tatizo ni maneno ya ibara yenyewe. Inampa haki raia wa Kanada ambaye lugha ya kwanza aliyojifunza ni Kifaransa, au aliyesoma msingi kwa Kifaransa hapa Kanada. Mzazi aliyezaliwa Uvira, lugha yake ya kwanza Kiswahili, hamo. Hata akishapata uraia hamo kwa kipengele hicho. Anaingia kwa mlango mwingine: mtoto mmoja akishasoma shule ya Kifaransa Kanada na mzazi akawa raia, watoto wote wanapata haki.

Usikate tamaa, mlango wa kuingilia upo. New Brunswick huangalia lugha anayoijua mtoto, na asiyejua yoyote kati ya mbili mzazi wake huchagua. Ontario bodi za Kifaransa zina kamati ya kupokea watoto wa aina yetu, na kwa kawaida zinawataka, maana bila wahamiaji madarasa yangepungua. Manitoba na Alberta nako wahamiaji wanaozungumza Kifaransa wanapokelewa. Nenda na vyeti vya shule vya mtoto.

Sasa mtego. Ukiuliza kwa Kiingereza shule ya Kifaransa iko wapi, kuna uwezekano mkubwa utaelekezwa kwenye programu ya immersion. Hiyo ni ya bodi za Kiingereza, imetengenezwa kwa watoto wa Kiingereza wanaojifunza Kifaransa. Mawasiliano na wazazi ni Kiingereza, uwanjani ni Kiingereza, na haikuingizi katika ile haki ya ibara ya 23. Nimeona wazazi wengi wakigundua hili mwaka wa pili, mtoto keshapata marafiki na hataki kuhama. Uliza jina la bodi, usiulize lugha ya darasa.

Kwenye dirisha

Ofisi ya shirikisho yenye lugha mbili inatakiwa kukuonyesha hivyo kabla hujaomba: kibao cha English/Français mezani, na mhudumu anayesema "Hello, bonjour". Ontario nayo imeweka masharti ya namna hiyo kwa ofisi zake tangu Aprili 2023. Wengi wetu tunajikwaa sekunde ile ile. Foleni ni ndefu nyuma yako, mhudumu ana haraka, unajibu "Hello" kwa adabu, na mazungumzo yote yanakwenda Kiingereza, wewe ukiitikia "yes, yes" kwa mambo ambayo hukuyaelewa. Jibu "Bonjour" na uendelee. Akikuambia usubiri mwenzake, subiri. Huombi hisani.

Usipohudumiwa, shirikisho lina Kamishna wa Lugha Rasmi, malalamiko ni bure na hayahitaji wakili. New Brunswick ina kamishna wake. Ontario ilikuwa na kamishna huru. Serikali ikaamua 2018 kuifuta ofisi hiyo, kazi ikahamia kwa Ombudsman, mpokea malalamiko ya wananchi dhidi ya serikali, mwaka uliofuata. Mwaka huohuo wa 2018 ilisimamisha pia mradi wa chuo kikuu cha Kifaransa cha Toronto, watu wakaandamana jimbo zima Desemba, na chuo kikafunguliwa hatimaye 2021. Nalitaja kwa sababu linaonyesha tofauti ya Ontario na New Brunswick: sheria ya Ontario ya 1986 ni nzuri, lakini ni sheria ya bunge la jimbo, na bunge linaweza kupunguza lilichotoa.

Kwa hiyo nani aende wapi

Familia yenye wazee, mgonjwa wa kudumu, au mzazi ambaye Kiingereza hakimwingii: Moncton, bila kusitasita. Afadhali zaidi Dieppe, mji wa pembeni ambako Kifaransa ni cha wengi. Moncton yenyewe ilijitangaza mji wa lugha mbili mwaka 2002, ya kwanza Kanada, kwa hiyo hata barua ya maji utaielewa. Msishtuke na chiac, Kifaransa cha vijana wa pale kilichochanganywa na Kiingereza. Anayechanganya Kiswahili, Kifaransa na Lingala katika sentensi moja hana haki ya kuwacheka. Ubaya wake ni udogo: kazi zenye mshahara mkubwa si nyingi, kodi ya mauzo ni asilimia 15, na kodi za pango zimepanda kwa kasi miaka ya karibuni. Fredericton na Saint John zina haki zilezile kisheria, ila mtaani ni Kiingereza.

Aliye na shahada, au watoto wanaokaribia chuo: Ottawa. Ontario ina wasemaji wa Kifaransa zaidi ya laki sita, wengi kuliko jimbo lolote nje ya Quebec, ingawa hawafiki asilimia 5 ya watu wake. Cha kukuvutia ni jinsi jimbo linavyowahesabu. Tangu 2009 tafsiri yake ya msemaji wa Kifaransa inamjumuisha mtu ambaye lugha yake ya kwanza ni nyingine, anajua Kifaransa na anakitumia nyumbani. Mkongo mwenye Kiswahili cha mama anahesabiwa. Chuo Kikuu cha Ottawa kinafundisha kwa lugha zote mbili, na kazi za serikali ya shirikisho humtafuta mwenye lugha mbili, kwa hiyo hapa Kifaransa ni mtaji na Kiingereza chako hakitaachwa kilale. Sheria ya jimbo inafanya kazi katika maeneo yaliyoteuliwa, ama mji wenye wasemaji 5,000 ama eneo lenye asilimia 10. Ottawa, Toronto, Hamilton na Sudbury zimo. Haizibani manispaa, lakini Jiji la Ottawa lina sera yake ya lugha mbili. Nyumba ni ghali. Wengine hukimbilia ng'ambo ya mto, Gatineau, lakini huko ni Quebec: kadi ya afya ni nyingine, na kibali cha jimbo kwa mhamiaji ni kingine. Usivuke kabla hujauliza.

Winnipeg ninaipendekeza kwa mtu mmoja hasa, mkimbizi au mhamiaji anayetaka kushikwa mkono. Accueil francophone inawapokea wageni wa Kifaransa tangu 2003, na Saint-Boniface ina chuo kikuu, kituo cha afya na ofisi za huduma za serikali vikiwa karibukaribu. Wafaransa ni asilimia 3 tu ya Manitoba, kwa hiyo kaa ndani ya mtaa huo. Ukipanga upande mwingine wa jiji kwa sababu ya kodi nafuu, umejitoa mwenyewe. Baridi yake mnaijua.

Edmonton nenda kwa ajili ya kazi. Kodi ya mauzo ya jimbo haipo, nyumba ni nafuu kuliko Ottawa, watu wetu ni wengi, shule za Kifaransa ni nzuri na Campus Saint-Jean inafundisha shahada kwa Kifaransa. Lakini ingia ukijua kwamba nje ya shule na ofisi za shirikisho Kifaransa chako ni mali binafsi. Jiandikishe masomo ya bure ya Kiingereza mwezi wa kwanza, kabla zamu za usiku hazijakumeza.

Mji wowote utakaouchagua, usisaini mkataba wa nyumba kabla hujafanya jambo moja. Serikali ya shirikisho ina orodha mtandaoni iitwayo Burolis, inayoonyesha ofisi zake zote na zipi zinalazimika kuhudumia kwa lugha mbili. Itafute ofisi iliyo karibu na nyumba hiyo, kisha ipigie simu bodi ya shule ya Kifaransa uulize basi la wanafunzi linafika mtaa huo au halifiki.